Kibali cha Gathogo

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili Nyaruai alikuwa akimpenda Kibiwott, na kwa muda huo wote baba yake alikuwa na jibu moja tu: hapana. Hapana ya kwanza ilikuja na maelezo. Kijana ni mtu wa mlimani, hana shamba lake mwenyewe, kazi yake ni ya kandarasi, na mashirika haya ya kilimo leo yapo, kesho yamefunga ofisi. Hapana ya pili haikuwa na maelezo. Ilikuja na jina la Waithaka, mtoto wa rafiki yake mwenye malori matatu.

Kwa hivyo Jumapili ile ya mwezi wa kumi, mwaka wa elfu mbili na tano, walipokuwa wamemaliza kula baada ya kutoka kanisani, Nyaruai hakuamini masikio yake. Mzee Gathogo aliweka kijiko chini, akajipangusa midomo, akasema bila kumtazama mtu:

"Yule kijana wa Elgon, mwambie alete wazee wake. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili nitakuwa nyumbani."

Msichana mwingine angeruka. Nyaruai alimgeukia mama yake. Mama Wacuka alikuwa akikusanya mabaki ya irio kwenye ukingo wa sahani, akiyakusanya na kuyatawanya tena, kama mtu aliyeambiwa asiinue macho.

"Baba, nini imebadilika?" aliuliza.

"Mtu akipewa haulizi, maitu. Anasema asante."

Alimwita maitu, yaani mama, kwa sababu Nyaruai alibeba jina la mama mzazi wa Gathogo. Lakini si kila siku alimwita hivyo. Alimwita hivyo alipotaka kitu, au alipokuwa na kitu cha kuficha. Nyaruai alisema asante, akaenda kuosha vyombo, na mikono yake ikiwa ndani ya maji ya sabuni alihisi kuna jambo halijakaa sawa.

Alipompigia Kibiwott simu kumpa habari, alitegemea kusikia kelele. Huyu ni mtu ambaye kwa hapana ya pili alikuwa amelia mbele yake bila haya. Lakini Kibiwott alisema, "Basi tumshukuru Mungu," kwa sauti ya mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma. Akaongeza kwamba alikuwa na kazi nyingi, mafunzo yanaanza kesho, wataonana huko.

Mafunzo hayo yalikuwa ya ndengu. Shirika lililomwajiri Kibiwott lilikuwa limekodi ukumbi wa kanisa moja mjini Kitale kwa wiki mbili, likaita wakulima thelathini kutoka pande za Bungoma na maafisa wa kilimo kumi na wawili, wakae pamoja wajifunze jinsi ya kulima ndengu kwa mvua za vuli, mahindi yakishatoka shambani. Kitale yenyewe ina baridi, ndengu haiipendi. Masomo yangekuwa Kitale, na mashamba ya kuonea yangekuwa kule chini Myanga na Kabuchai, kwenye joto.

Nyaruai alikuwa na diploma ya kilimo, na kwa miaka miwili alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la baba yake la mbegu na mbolea, kwa hivyo jina lake liliandikwa upande wa maafisa. Jambo la ajabu ni kwamba asubuhi ya Jumatatu baba yake alijaribu kumzuia. Ati dukani kuna watu wengi. Ati ndengu ni chakula cha Ukambani, atajifunza nini kipya. Gathogo, aliyeuza ng'ombe ili bintiye asome, leo hataki asome wiki mbili za bure. Nyaruai alivaa viatu vyake akaondoka, lakini jambo hilo nalo aliliweka pale alipoweka lile la Jumapili.

Kibiwott alikuwa mwalimu mzuri. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alipoeleza jambo alitumia mikono mpaka mtu akaona mistari ya ndengu ikitoka ardhini pale kwenye sakafu ya saruji. Siku ya kwanza alifundisha udongo. Siku ya pili, nafasi kati ya mstari na mstari. Wakulima walicheka, wakauliza, wakabishana kuhusu nani atainunua. Kila mara macho yake yalipopita kwa Nyaruai yalikuwa yakisimama kidogo, kama zamani, naye akausikia mwili wake wote ukijibu, kama zamani. Kisha yakaondoka upesi. Hilo halikuwa la zamani.

Jumatano ilikuwa zamu ya mbegu. Kila mtu alikuwa na kijitabu. Ukurasa wa kumi ulieleza aina za mbegu, wa kumi na moja ukaeleza namna ya kujaribu kama mbegu ni hai kabla ya kuipanda, na wa kumi na mbili ukaingia kwenye kupanda. Kibiwott alimaliza ukurasa wa kumi, akalowesha kidole, akafungua kurasa mbili kwa pamoja na kuanza kueleza kina cha shimo.

Mzee mmoja wa Kabuchai aitwaye Absalom, aliyesoma kwa kufuata mstari na kijiti cha kiberiti, aliinua mkono. "Mwalimu, na hii ya kujaribu mbegu? Mbona umeruka?"

"Tutairudia, mzee, tukipata wakati."

Alisema hivyo akimwangalia Nyaruai, si Absalom. Kisha akaangalia chini.

Wakati wa chai Nyaruai alimfuata nje na kumwuliza. Kibiwott alisema ratiba ni ngumu. Nyaruai akamkumbusha kwamba asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepata dakika kumi za kusimulia hadithi ya sungura na ndengu. Kibiwott alicheka kicheko kifupi kisichofika machoni, akamgusa mkono, akaomba asimchunguze kama polisi. Wiki mbili si nyingi, alisema. Jumamosi ile ikipita kila kitu kitakuwa sawa.

"Kila kitu gani?" Nyaruai aliuliza.

Kengele ya kurudi ndani ikamwokoa.

Siku ya Alhamisi Kibiwott alitoka mapema bila kuaga. Jumamosi simu yake ilizimwa mchana kutwa. Chepkorir, afisa wa kilimo kutoka Kapsara aliyekaa benchi moja na Nyaruai, ndiye aliyemletea jibu ambalo hakuliomba.

"Si ni Myanga huwa anaenda," Chepkorir alisema kwa sauti ya chini. "Ati ako na shamba huko analima na mikono yake. Na hilo shamba liko na mama."

"Mama wa miaka mingapi?"

"Hiyo ndiyo ujiulize, bana. Si nyanya."

Jumatatu ya wiki ya pili basi la kukodi liliwachukua wote kwenda Bungoma. Walipopita Webuye, harufu ya kiwanda cha karatasi ikaingia madirishani na watu wakafunika pua na kutaniana. Nyaruai hakutaniana na mtu. Alikuwa amekaa nyuma, akikitazama kisogo cha mwanamume aliyetaka kuwa mumewe, akijiuliza kama anamjua.

Shamba la kwanza kule Myanga lilikuwa la mwanamke aitwaye Dinah. Mume wake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mnene kwa kiasi, mwenye pengo la meno lililompendeza anapocheka, na alicheka mara tu alipomwona Kibiwott. Mbwa wake hakumbwekea Kibiwott. Aliwabwekea wengine wote. Na Nyaruai, akipita mlango wa jiko, aliona koti la kahawia limetundikwa kwenye msumari ndani. Alilijua koti lile. Kifungo chake cha pili alikuwa amekishona yeye mwenyewe.

Kibiwott aliwapanga watu kando ya mistari, akawaonyesha maua ya kwanza ya ndengu na vidukari chini ya majani. Absalom, ambaye haachi jambo, akauliza mbona ndengu hii iko nyuma hivi, mvua si ilianza mwanzo wa mwezi wa tisa? Kibiwott akajibu kwamba kupanda kulichelewa kidogo. Dinah, aliyesimama kwenye ukingo wa miwa na jembe mkononi, alimgeukia kwa mshangao, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Nyaruai aliona. Wakati wenzake wakipima nafasi za mistari kwa kamba, yeye alimfuata Dinah jikoni na kujitolea kusaidia kumimina chai.

"Mwalimu anakuja hapa sana," alisema akipanga vikombe.

"Huyo? Ni kama mtu wa hii boma," Dinah akasema. "Anakuja asubuhi, anavua hiyo koti yake, anashika jembe. Anakula chenye iko. Ata watu wa hapa wameanza kusema maneno, nikawaambia waseme tu."

Nyaruai aliweka kikombe chini kabla hakijamponyoka. "Na kwa nini anakulimia?"

Dinah alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mukhana, binti yangu, wewe ni bibi yake?"

"Bado."

"Basi usinikasirikie bure. Keti." Alivuta kigoda, akamsogezea. Akaeleza kwamba yule mwalimu hamlimii yeye peke yake. Ni wakulima tisa, Myanga hapa na upande wa Kabuchai. Wote walipanda mwanzo wa mwezi wa tisa, vile walivyofundishwa, mistari imenyooka mpaka majirani wakaja kuangalia. Wakangoja siku tano, siku saba, siku kumi. "Haikumea. Mmoja hapa, mmoja kule, kama meno ya mzee. Niliskia haya ata kutoka nje. Miwa ya bwana yangu niling'oa ndio nipande hiyo ndengu, na shemeji zangu walikuwa wamenikataza. Sasa wakaanza kusema, unaona, shamba linataka mwanaume."

"Halafu?"

"Nikampigia mwalimu. Alikuja, akachimbua mstari na vidole, akatoa mbegu imeoza. Akakaa chini hapo kwa udongo na suruali yake safi. Baada ya siku nne alirudi na mbegu ingine, yake mwenyewe, na tukapanda upya na yeye. Kwangu na kwa wale wengine wote. Akaniomba nisiambie watu. Mimi nimekuambia kwa sababu ya vile umeangalia hiyo koti."

Moyo wa Nyaruai ulikuwa umeanza kushuka mahali pake. Kwa muda wa pumzi mbili hivi alikuwa na furaha safi kabisa. Kisha akauliza swali ambalo baadaye alijiuliza kwa nini aliliuliza.

"Hiyo mbegu ya kwanza mlinunua wapi?"

Dinah alinyoosha mkono darini, akatoa pakiti ya karatasi ya kaki iliyokunjwa mdomo. Ilikuwa na mbegu kiasi cha viganja viwili. Kwenye karatasi kulikuwa na muhuri wa bluu wa duka, na chini yake, kwa kalamu, uzani ulioandikwa kwa mwandiko ambao Nyaruai aliujua tangu akiwa darasa la kwanza, akisainiwa madaftari.

"Kitale," Dinah alisema. "Kwa mzee fulani anaitwa Gathogo."

Mwezi wa nane, mbegu zilipokuwa zikifungwa, Nyaruai hakuwa dukani. Alikuwa Webuye akimuuguza shangazi yake aliyefanyiwa upasuaji. Aliomba kubaki na pakiti ile. Dinah alimpa bila kuuliza sababu.

Alimkuta Kibiwott mwisho wa shamba, penye miwa. Watu walikuwa wameketi kivulini wakinywa chai. Alimwonyesha pakiti. Kibiwott aliitazama, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyebeba mzigo mbali, hatimaye mtu mwingine amemtua.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tisa."

"Na ulienda kwa baba."

"Nilienda. Nilikuwa nimezijaribu nyumbani, katika mia zikaota kumi na mbili. Nikamwambia, mzee, hizi mbegu zimekufa, tuwaambie watu warudishe. Akasema nikisema hilo neno mjini Kitale duka litafungwa na wewe utakosa kwenu. Halafu akaniita tena, wiki mbili zilizopita. Akasema yeye si mtu mbaya. Ati nikinyamaza, mafunzo yaishe vizuri, nilete wazee."

Mambo yote aliyokuwa ameyaweka kando tangu ile Jumapili yakajipanga mstari mmoja.

"Kwa hivyo mimi ndiye bei," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Yeye alitoa mimi, wewe ukatoa mdomo wako. Mlinipima kwa ratili gani, Kibiwott?"

"Nilipanda upya kila shamba. Na mikono yangu. Hakuna mkulima nimeacha na shamba tupu."

"Hao tisa unaowajua. Na wale ambao huwajui? Duka letu linauzia watu kila siku." Aliishusha sauti. "Na mbona Dinah na wenzake walitoka Myanga mpaka Kitale kutafuta mbegu, Bungoma ina maduka?"

Kibiwott alisema, akiangalia mikono yake, "Mimi ndiye niliwatuma. Nilitaka baba yako aone namletea wateja. Nilitaka anipende."

Jibu hilo lilimuuma Nyaruai kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilikuwa la kijinga, na alitamani kumshika uso kwa mikono miwili. Hakumshika. Alimwambia maneno machache tu. Ijumaa, siku ya kufunga, Dinah na wenzake watakuwa ukumbini. Kuna ukurasa mmoja haujafundishwa.

"Nikifundisha huo, Jumamosi haitakuwako," Kibiwott alisema.

"Najua. Na mimi nitaona utachagua nini."

Jioni ile nyumbani Nyaruai alihesabu mbegu mia moja kutoka kwenye pakiti ya Dinah, akazipanga kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, akakikunja. Mama yake aliingia jikoni akamkuta. Mama Wacuka alitazama mbegu, akatazama mlango wa sebuleni ambako Gathogo alikuwa akisikiliza taarifa ya habari. Kisha akachukua kile kitambaa mikononi mwa bintiye na kukiweka mwenyewe juu ya rafu iliyo karibu na jiko la kuni. "Hapa ndipo kuna joto," alisema.

Siku nne Nyaruai hakumwamini mtu. Baba yake alimwuliza mafunzo yanaendaje, naye akasikia uoga ndani ya swali. Kibiwott alimtumia ujumbe kwa simu mara mbili, naye Nyaruai akausoma kila neno akitafuta lililofichwa. Ukumbini Kibiwott alifundisha magonjwa, akafundisha kuchuma maganda yakishakuwa meusi, akafundisha kuhifadhi. Hakuligusa lile jambo. Labda hataligusa, Nyaruai aliwaza. Labda anasubiri Ijumaa iishe, wazee waje, nguo zivaliwe, halafu nani atataka kuharibu harusi kwa sababu ya ndengu? Akajiuliza pia kitu kibaya zaidi: kama yeye mwenyewe, ndani kabisa, hatamani iwe hivyo.

Ijumaa asubuhi alikunjua kitambaa. Zilizoota zilikuwa kumi na nne. Nyingine zilikuwa zimevimba na kuteleza kama macho ya samaki. Alikikunja tena, akaenda nacho dukani kabla baba yake hajafungulia wateja, akakifungua juu ya kaunta mbele yake.

Gathogo alivaa miwani yake. Alizitazama moja moja.

"Zilikuwa zimekaa stoo misimu miwili," alisema. "Chini ya mabati, na lile jua. Nilichanganya na mpya. Nilifikiri nusu itamea, na mvua ikiwa nzuri, nani atahesabu."

"Kuna mama mmoja alihesabu, Baba. Shemeji zake wanamcheka."

"Huyo kijana aliniahidi."

"Alikuahidi nini?"

"Kunyamaza."

"Na wewe ulimwahidi nini?"

Gathogo alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee ghafla, na Nyaruai alimwonea huruma ambayo hakuitaka. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma kwa vibandiko vya magunia ya mbolea.

"Maitu," alisema, "ukienda kusema hiyo kitu mbele ya watu, kesho mtu asikanyage kwangu. Si yeye, si wazee wake. Nimemaliza."

Nyaruai alikunja kitambaa, akakitia kwenye mkoba, na kutoka.

Ukumbi ulijaa. Dinah alikuwa amevaa gauni la kijani na kukaa mstari wa pili, Absalom akiwa nyuma yake na kijiti chake cha kiberiti. Mama Wacuka naye alikuwa ameingia kimya na kusimama karibu na mlango. Mkubwa wa shirika alihutubia, vyeti vikapangwa mezani. Kisha Kibiwott akaitwa kusema la kufunga. Alisimama, akashukuru wapishi, akashukuru kanisa, akashukuru wakulima kwa uvumilivu. Nyaruai alihisi machozi ya hasira yakimjia. Sasa ataketi, aliwaza. Sasa ataketi na nitajua.

Kibiwott hakuketi.

"Fungueni ukurasa wa kumi na moja," alisema.

Aliwafundisha kuhesabu mia, kulowesha kitambaa, kungoja siku nne. Kisha akaweka kijitabu chini, na sauti yake ikabadilika. Aliwaambia kwamba mwezi wa nane aliwatuma wakulima tisa kununua mbegu mahali ambapo hakuwa amejaribu mbegu. Zilikuwa zimekufa. Alipojua, alipanda upya kimyakimya, akawaomba wamfichie, ili asionekane mwalimu mbaya, na kwa sababu nyingine ambayo ilikuwa yake peke yake. "Nilikosea mara mbili," alisema. "Ya pili ndiyo mbaya."

Hakutaja duka. Watu wakaanza kunong'ona, shingo zikageuka. Mtu akauliza ni duka gani, wajue. Kibiwott alifunga mdomo. Nyaruai akaelewa kwamba hapo ndipo mwisho wa kile anachoweza kusema, na kwamba kilichobaki si chake.

Alisimama. Alikwenda mpaka mbele. Alifungua kitambaa juu ya meza, kando ya vyeti.

"Ni duka letu," alisema. "Naitwa Nyaruai wa Gathogo. Yeyote aliyenunua ndengu kwetu msimu huu na haikumea, arudishe pakiti. Atapewa mbegu iliyojaribiwa. Mimi mwenyewe nitaijaribu."

Alikuwa ameahidi mali isiyokuwa yake, kwa jina la mtu aliyemkataza. Dinah aliinuka polepole akishika mgongo wa kiti.

"Mimi nilijua tangu ile siku jikoni," alisema. "Mtu hawezi kugeuka rangi hivyo kwa sababu ya duka la mtu mwingine. Nilikuwa nangoja tu kuona kama utasema." Akamgeukia Absalom. "Si nilikuambia atasema? Haya, andika jina lako, wewe pia haikumea na umeficha."

Absalom alikohoa, na watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwezesha Nyaruai kurudi kwenye kiti chake.

Nje, baada ya vyeti na picha, mama yake alimvuta kando. Alikuwa amekwenda dukani na kurudi. Gathogo alikuwa ameshapata habari. Kitale ni mji mdogo. Alikuwa amefunga duka saa saba mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea isipokuwa siku ya mazishi.

"Anasema wazee wasije," mama alisema. "Amekataa kabisa. Mimi sitakudanganya."

Nyaruai aliinama.

"Lakini alipokuwa anafunga mlango," Mama Wacuka akaendelea, akirekebisha kitambaa chake cha kichwa, "aliniuliza hicho kitambaa cha mbegu kinafaa kulowa kiasi gani. Nikamwambia akuulize wewe. Akasema hakuulizi." Alitabasamu kidogo. "Mpe siku."

Mama alipoondoka, Kibiwott alikuja. Alisimama hatua mbili kutoka kwake, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kusogea.

"Nimesikia," alisema. "Basi nimekukosa."

"Kwa baba hukuwa umenipata," Nyaruai alimjibu. "Mlikaa wawili mkaniongea kama gunia. Hakuna aliyenigeukia akaniuliza mimi."

Watu walikuwa wakipita wakibeba vyeti vyao, wengine wakisimama kidogo kuwatazama. Kibiwott hakujali. Alisogea zile hatua mbili.

"Ninakuuliza. Sina shamba, na pengine kutoka leo sina kazi. Utanikubali?"

Nyaruai alimtazama. Kwa wiki mbili alikuwa akiuchunguza uso ule akitafuta kilichojificha nyuma yake. Sasa aliona uchovu tu, na woga, na yale macho yanayosimama.

"Bado nakushuku," alisema.

"Najua."

"Nitakushuku kwa muda. Usidhani kwa sababu ya leo imeisha."

"Sijadhani."

"Kesho wazee wako hawana safari. Wewe una safari?"

"Sina."

"Basi asubuhi twende Kabuchai kwa mzee Absalom, tuone hilo shamba lake. Njiani utaniambia yote, hata yale unafikiri hayana maana. Tukirudi nitakuwa na jibu."

"Na likiwa hapana?"

"Litakuwa hapana yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili akatabasamu. "Nisindikize nyumbani."

"Kwenu? Saa hii? Watu watatuona."

"Waone."

Walishuka barabara kuu bega kwa bega, jua likiwa bado juu, wakipita maduka ambayo wenyewe walimjua Nyaruai tangu utoto. Mbele ya duka la Gathogo, lenye kufuli mlangoni, Kibiwott alipunguza mwendo. Nyaruai hakupunguza. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akangoja mpaka alipouhisi wa Kibiwott.